Namna ya Kuchunguza Visababishi vya Vifo vya Mapema kwa Watu Walio katika Umri wa Kufanya Kazi

Mtu mzima anapofariki akiwa na miaka 38 au 52, mara nyingi watoto wake huwa bado wako shuleni, wazazi wake wazee huwa bado wanamtegemea, na ujuzi alioukusanya kazini hupotea kabla hajaurithisha. Pamoja na uzito huo, vifo vya rika hili ni vigumu kuvifuatilia. Vifo vya watoto wadogo vinaweza kukadiriwa kwa kumuuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi kati yao wako hai. Lakini mtu mzima akifariki, si ajabu kaya yenyewe ikasambaratika, mjane au mgane akahama, watoto wakagawanywa kwa ndugu, na mtafiti anapofika akakosa mtu wa kumjibu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa wa afya, mwanafunzi wa utafiti, kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mtu yeyote mwenye data ya vifo mkononi ambaye anataka kujua, kwa uaminifu, ni nini kinachowaondoa watu kabla ya wakati. Msimamo wangu ni mmoja na utajitokeza katika kila hatua: neno lililoandikwa kwenye cheti cha kifo ni mahali pa kuanzia uchunguzi, si mahali pa kuumalizia.

Hatua ya 1: Weka mipaka kabla ya kufungua data

Kuuliza "kwa nini watu wetu wanakufa mapema?" ni kilio halali, lakini bado si swali la utafiti. Swali la utafiti hutaja umri, jinsia, eneo, kipindi, na kitu ambacho vifo hivyo vitalinganishwa nacho.

Anza na umri. Katika takwimu za kimataifa, umri wa kufanya kazi kwa kawaida huhesabiwa kuanzia miaka 15 hadi 64, lakini watafiti wa vifo hawafuati mipaka hiyo siku zote. Kipimo cha vifo vya watu wazima kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni uwezekano wa mtu aliyefikisha miaka 15 kufariki kabla ya kutimiza miaka 60. Lengo la 3.4 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, ambalo linataka vifo vya mapema vitokanavyo na magonjwa yasiyoambukiza vipungue kwa theluthi moja ifikapo mwaka 2030, hupimwa kwa uwezekano wa kufariki kati ya miaka 30 na 70 kutokana na makundi manne, yaani magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, saratani, kisukari, na magonjwa sugu ya mfumo wa hewa. Kamati ya taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani iliyotoa ripoti yake kuhusu vifo vya watu wa umri wa kufanya kazi mwaka 2021 ilichagua miaka 25 hadi 64. Hakuna mpaka ulio mtakatifu kuliko mwingine. Kilicho muhimu ni kuuchagua mmoja, kuandika sababu ya kuuchagua, na kutoubadilisha baada ya kuona matokeo.

Kisha fafanua neno "mapema". Lina maana mbili ambazo huchanganywa mara nyingi. Maana ya kwanza ni kufariki kabla ya umri fulani uliowekwa. Maana ya pili ni kufariki kwa jambo ambalo lingeweza kuepukwa, ama kwa kinga (kama ajali za barabarani na maradhi yatokanayo na tumbaku), ama kwa tiba iliyotolewa kwa wakati (kama kidole tumbo kilichopasuka). Vifo vya aina hizi mbili vinaelekeza lawama na fedha mahali tofauti, kwa hiyo usitumie neno moja kuvifunika vyote.

Jambo la mwisho katika hatua hii linaonekana dogo, lakini limeharibu tafiti nyingi: amua kama kifo kitahesabiwa mahali kilipotokea au mahali marehemu alipoishi. Mji wenye hospitali kubwa ya rufaa utaonekana kama machinjio usipohesabu kwa makazi, kwa sababu wagonjwa mahututi wa mikoa jirani hupelekwa huko na kufia huko.

Hatua ya 2: Hesabu waliofariki, na uhesabu pia waliokuwa hai

Kiwango cha vifo ni sehemu yenye kiasi na asili: juu kuna idadi ya waliofariki, chini kuna idadi ya watu ambao wangeweza kufariki katika kipindi hicho. Watafiti wengi hutumia miezi kusafisha namba ya juu, kisha huichukua ya chini bila kuihoji. Sensa ya miaka tisa iliyopita, katika eneo ambalo vijana huhamia kutafuta kazi, inaweza kuwa na watu wachache mno, na kiwango cha vifo kikapanda bila mtu yeyote wa ziada kufariki. Tafuta makadirio ya idadi ya watu kwa kila mwaka, kwa makundi ya miaka mitano mitano, na kwa kila jinsia.

Kwa upande wa vifo, vyanzo vya kawaida ni usajili wa raia, kumbukumbu za hospitali, vyumba vya kuhifadhia maiti, polisi, ofisi za makaburi, mifuko ya pensheni na bima, na maeneo maalumu ambamo kaya zote hutembelewa mara kwa mara ili kuandika kila anayezaliwa, anayehamia, anayehama na anayefariki. Pale ambapo usajili ni hafifu, tafiti za kaya huwauliza wahojiwa kuhusu ndugu zao wa tumbo moja, nani yuko hai, nani amefariki na kwa umri gani. Njia hii hutoa makadirio ya kiwango, lakini husema machache kuhusu kisababishi.

Usitegemee chanzo kimoja. Ukiwa na viwili unaweza hata kukadiria vilivyokosekana katika vyote. Tuseme usajili wa raia una vifo 80 na daftari la makaburi lina vifo 60, na baada ya kulinganisha majina, umri na tarehe unakuta vifo 48 vimo katika vyote viwili. Kati ya vifo 60 vya makaburini, usajili umenasa 48, yaani asilimia 80. Ikiwa usajili una uwezo huo huo wa kunasa vifo kwa jumla, basi vifo vyote ni takriban 100. Kwa kuwa vyanzo hivyo viwili kwa pamoja vina vifo 92 tofauti, takriban vifo 8 havikuandikwa popote. Hesabu hii hudai kwamba kuandikwa katika chanzo kimoja hakuongezi wala hakupunguzi uwezekano wa kuandikwa katika kingine. Mahali ambapo kibali cha mazishi hutolewa kwa kuonyesha cheti, sharti hilo huvunjika, na idadi ya waliokosekana huwa kubwa kuliko unavyokadiria.

Waliokosekana hawafanani na walioandikwa. Mara nyingi ni vibarua, wahamiaji, wasio na makazi na wanaoishi mbali na ofisi za serikali, ambao ndio hasa utafiti wa vifo vya mapema unapaswa kuwaona.

Hatua ya 3: Soma cheti cha kifo kama mnyororo

Hapa ndipo nakuomba usiharakishe. Cheti cha kitabibu kinachofuata mfumo wa Shirika la Afya Duniani kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari inayoshuka: mstari wa juu huandikwa hali iliyomuua mtu moja kwa moja, na kila mstari wa chini huandikwa kilichosababisha hali ya mstari ulio juu yake. Sehemu ya pili huandikwa hali nyingine zilizochangia kifo bila kuwa ndani ya mnyororo huo. Kinachotafutwa na takwimu za vifo ni chanzo cha msingi, yaani ugonjwa au jeraha lililoanzisha mfululizo wa matukio uliomfikisha mtu kwenye kifo, au mazingira ya ajali au ukatili uliosababisha jeraha hilo.

Chukua mfano wa mtu wa miaka 34 aliyefariki wodini. Mstari wa juu unasema sumu ya bakteria kwenye damu. Unaofuata unasema nimonia. Unaofuata unasema jeraha la uti wa mgongo. Wa mwisho unasema aligongwa na gari akiwa anaendesha baiskeli, miezi miwili kabla ya kufariki. Chanzo cha msingi ni ajali ya barabarani. Daktari mchovu akiandika mstari wa kwanza tu na kuacha mingine wazi, mtu huyu ataingia katika takwimu kama aliyeuawa na maambukizi, na barabara iliyomuua haitaonekana katika jedwali lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora grafu hata moja, pima ubora wa visababishi ulivyopewa. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, misimbo ya R00 hadi R99 ni ya dalili na hali zisizofafanuliwa vizuri. I46 ni moyo kusimama, jambo ambalo humpata kila anayekufa. I50 ni moyo kushindwa kufanya kazi, ambao ni mwisho wa maradhi mengi tofauti. Na Y10 hadi Y34 ni matukio ambayo haikujulikana kama yalikuwa ajali, kujiua au kuuawa. Misimbo ya aina hii naiita misimbo hafifu, kwa sababu haitoi jibu la swali lililoulizwa. Hesabu ni asilimia ngapi ya vifo vyako vimeangukia humo, kwa kila kundi la umri, kwa kila mwaka na kwa kila kituo. Ikiwa sehemu hiyo imepungua kutoka asilimia 30 hadi asilimia 12 ndani ya miaka kumi, basi ongezeko la "kiharusi" katika miaka hiyo hiyo huenda ni maendeleo ya uandishi, wala si mlipuko wa ugonjwa.

Baada ya uzembe wa kalamu, liko tatizo la aibu. Kujiua huandikwa kama ajali au kuzama kwa bahati mbaya, ama kwa huruma kwa familia, ama kwa hofu ya sheria na dini, ama kwa sababu ya masharti ya bima. Vifo vitokanavyo na pombe hujificha ndani ya "moyo", "ini" na "kuanguka". Nchini Afrika Kusini, watafiti walionyesha kwamba vifo vingi vya UKIMWI viliandikwa kama kifua kikuu, nimonia au magonjwa ya kuhara, na walivitambua kwa umbo la umri: vifo vya "nimonia" vilipanda ghafla miongoni mwa vijana na watu wa makamo, umri ambao nimonia peke yake haina kawaida ya kuua kwa wingi namna hiyo. Chora visababishi vyako kwa umri na jinsia, na kila unapoona ugonjwa unaoua watu wa umri usio wake, shuku kwamba umebeba jina la ugonjwa mwingine.

Urusi inatoa somo kubwa zaidi. Matarajio ya maisha ya wanaume nchini humo, yaani wastani wa miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi, yalishuka kutoka takriban miaka 65 mwaka 1987 hadi chini ya miaka 58 mwaka 1994, na waliofariki walikuwa hasa wanaume wa umri wa kufanya kazi. Vyeti vingi vilisema ugonjwa wa moyo. Watafiti waliopitia kumbukumbu za uchunguzi wa maiti katika mji wa Barnaul, Siberia, walikuta kwamba sehemu kubwa ya wanaume waliodaiwa kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa walikuwa na kiwango cha pombe katika damu kinachoweza kuua. Mtu aliyeishia kwenye cheti angependekeza dawa za moyo.

Ikiwa unaweza kupata kibali, chukua sampuli ya majalada ya hospitali, wape madaktari wawili wayasome bila kuona cheti, kila mmoja aandike mnyororo wake, kisha ulinganishe. Sampuli ya majalada 200 yaliyosomwa kwa makini ina thamani kubwa kuliko safu 200,000 za kompyuta ambazo hakuna aliyezihoji. Vilevile, angalia kama kipindi chako kimevuka badiliko la uainishaji, kwa mfano kutoka toleo la 10 kwenda la 11, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Badiliko kama hilo linaweza kuonekana kwenye grafu kama ngazi, na tiba yake ni kuweka misimbo ya matoleo yote mawili kwa vifo vilevile vya mwaka mmoja ili ujue ngazi hiyo ina urefu gani.

Hatua ya 4: Mahali pasipo na cheti, nenda kwa familia

Pale ambapo watu wengi hufia nyumbani, njia iliyozoeleka ni mahojiano na waliomuuguza marehemu. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la kawaida kwa kazi hii, lenye sehemu tofauti kwa watoto wachanga, watoto na watu wazima, na majibu yake hufasiriwa ama na madaktari, ama na programu za kompyuta kama InterVA, InSilicoVA na SmartVA, ambazo hukadiria uwezekano wa kila kisababishi kutokana na dalili zilizotajwa.

Njia hii hutambua vizuri ajali, majeraha na vifo vya uzazi, kwa sababu familia hujua kilichotokea. Huwa dhaifu kwa maradhi yanayofanana kwa dalili: maumivu ya kifua na kukosa pumzi vinaweza kuwa moyo, mapafu au damu iliyoganda. Kwa hiyo matokeo yake yatumie kuonyesha mgawanyo wa visababishi katika jamii, wala usiyatumie kumwambia mjane ni nini hasa kilichomuua mumewe.

Mhoji asifike msibani. Subiri kipindi cha maombolezo kiishe kwa mujibu wa desturi ya wahusika, lakini usisubiri zaidi ya mwaka, kwa kuwa mpangilio wa dalili husahaulika kabla ya dalili zenyewe. Pata ridhaa kwa lugha ambayo mtu anaielewa, na umweleze wazi kwamba anaweza kukataa au kusimama katikati bila kutoa sababu. Anza na simulizi huru: "Tafadhali tueleze, kwa maneno yako mwenyewe, tangu siku marehemu alipoanza kujisikia vibaya hadi siku alipofariki." Msikilize hadi mwisho kabla ya kugusa maswali ya ndiyo au hapana. Humo ndani utasikia mambo ambayo hayana kisanduku kwenye dodoso: kwamba alikataa kwenda hospitali kwa kuogopa kukatwa siku ya kazi, kwamba dawa zilikwisha wiki mbili kabla, kwamba gari la wagonjwa lilipigiwa simu na halikuja.

Yaandike yote kwa mpangilio. Watafiti wa vifo vya uzazi, kuanzia makala ya Thaddeus na Maine ya mwaka 1994, hupanga mambo hayo kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kwenye huduma, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mpangilio huo unafaa vilevile kwa kiharusi, pumu, jeraha la kazini au sukari iliyopanda.

Waandae wahoji wako kwa maumivu, yao na ya wanaohojiwa. Mtu anayesikiliza simulizi tatu za kifo kwa siku, siku tano kwa wiki, anahitaji kupumzishwa na mtu wa kuzungumza naye. Bajeti isiyo na kifungu hicho haijakamilika, na kamati ya maadili ina haki ya kuirudisha.

Hatua ya 5: Geuza hesabu kuwa viwango, na uwe macho na umri

Sasa unaweza kuhesabu. Toa viwango kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kwa makundi ya miaka mitano, kwa kila jinsia. Usikimbilie kundi moja kubwa la "miaka 25 hadi 64", kwa sababu ndani yake umri unaweza kusogea na kukudanganya.

Tuseme katika eneo fulani watu wa miaka 25 hadi 44 hufariki kwa kiwango cha 200 kwa kila 100,000, na wa miaka 45 hadi 64 kwa kiwango cha 800, na viwango hivyo havibadiliki kabisa kwa miaka kumi. Mwanzoni vijana ni asilimia 60 ya kundi, hivyo kiwango cha jumla ni 440. Miaka kumi baadaye, kwa sababu watu wamezeeka na wengine wamehama, vijana ni asilimia 45, na kiwango cha jumla kinakuwa 530. Umepata ongezeko la karibu asilimia 20 ilhali hatari ya mtu mmoja mmoja haijaongezeka hata kidogo. Dawa yake ni kusawazisha umri: kutumia mgawanyo mmoja wa umri kwa miaka yote na maeneo yote unayolinganisha, na kuutaja mgawanyo huo waziwazi.

Hata wabobezi wameguswa na jambo hili. Mwaka 2015 wanauchumi Anne Case na Angus Deaton walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba vifo vya Wamarekani weupe wasio na asili ya Kihispania, wa miaka 45 hadi 54, viliongezeka kati ya 1999 na 2013, wakati katika nchi nyingine tajiri vilikuwa vinapungua. Mwanatakwimu Andrew Gelman alionyesha kwamba wastani wa umri ndani ya kundi hilo la miaka kumi ulikuwa umepanda katika kipindi hicho, na kwamba baada ya kusawazisha, sehemu ya ongezeko iliondoka na tofauti kati ya wanawake na wanaume ikajitokeza. Hoja ya msingi, kwamba vifo hivyo havikupungua kama katika nchi nyingine tajiri, ilibaki imesimama. Lakini ikiwa miaka kumi ya umri inatosha kupotosha, miaka arobaini itapotosha zaidi.

Pamoja na viwango, hesabu miaka ya maisha iliyopotea. Ukiweka mpaka wa miaka 65, kijana aliyefariki ajalini akiwa na miaka 22 amepoteza miaka 43, na mtu aliyefariki kwa kiharusi akiwa na miaka 61 amepoteza minne. Kwa hiyo vifo kumi vya kiharusi katika umri wa miaka 61 vina jumla ya miaka 40, chini ya kifo kimoja cha kijana yule. Kipimo hiki huinua majeraha, kujiua, vifo vya uzazi na UKIMWI, na hushusha saratani na kiharusi. Toa orodha zote mbili bega kwa bega, na usichague ile inayopendeza ombi lako la fedha.

Ukiwa na idadi ndogo, sema hivyo kwa namba. Vifo 10 vilivyohesabiwa, kwa mipaka ya uhakika ya asilimia 95, vinaafikiana na hali yoyote kati ya takriban 4.8 na 18.4, kwa hiyo wilaya iliyotoka vifo 7 kwenda 12 haijathibitisha lolote. Unganisha miaka mitatu au mitano, au unganisha maeneo yanayofanana, kabla ya kupiga kengele.

Hatua ya 6: Toka kwenye ugonjwa, nenda kwenye kilichouleta

Ukishajua watu wanakufa kwa nini katika lugha ya kitabibu, hujafika bado. Nyuma ya kiharusi cha mtu wa miaka 47 kuna shinikizo la damu lisilotibiwa. Nyuma yake kuna chumvi, pombe, uzito, na pia dawa zisizopatikana. Na nyuma ya hayo kuna mshahara, zamu za usiku na umbali wa kliniki.

Mambo ya kazi hayaandikwi kwenye cheti. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo takriban 745,000 duniani kote mwaka 2016, kati ya hivyo 398,000 vya kiharusi na 347,000 vya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Hakuna daktari aliyeandika "saa nyingi za kazi" kwenye mojawapo ya vyeti hivyo. Idadi hiyo ilipatikana kwa kulinganisha makundi: waliofanya kazi saa nyingi walikuwa na hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa takriban asilimia 35 ile ya waliofanya kazi saa 35 hadi 40.

Ndiyo maana unahitaji taarifa za walio hai pia. Utafiti wa madaktari wa Uingereza, ulioanzishwa na watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill mwaka 1951, uliwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka 50 na kuonyesha kwamba wavutaji wa sigara wa kudumu hupoteza takriban miaka kumi ya maisha. Utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali jijini London, ulionyesha kwamba walio katika vyeo vya chini kabisa walifariki kwa kiwango kinachokaribia mara tatu ya walio juu, na kwamba sigara, shinikizo la damu na lehemu (kolesteroli) havikutosha kuieleza tofauti hiyo. Watu wote hao walikuwa na ajira ya kudumu; umaskini wa kutupwa haukuwemo, na bado ngazi ya vyeo ilionekana katika vifo.

Ukilinganisha wafanyakazi na jamii nzima, tahadhari na athari ya mfanyakazi mwenye afya. Mgonjwa hachukuliwi kazini, na anayeugua akiwa kazini huondoka. Hivyo hata mgodi hatari unaweza kuonekana salama kuliko mtaa. Walinganishe wafanyakazi wa kazi moja na wa kazi nyingine, na uwafuatilie walioacha.

Unapokadiria mchango wa kihatarishi, tumia hesabu ya wazi. Ikiwa asilimia 30 ya watu wana kihatarishi kinachoongeza hatari mara mbili, basi takriban asilimia 23 ya vifo husika visingetokea kisingekuwepo, mradi uhusiano huo ni wa kusababisha kweli. Asilimia za vihatarishi mbalimbali zinaweza kujumlishwa zikapita 100, kwa sababu kifo kimoja kinaweza kuzuiliwa katika zaidi ya pete moja ya mnyororo. Liandike hilo karibu na jedwali, la sivyo msomaji atadhani umekosea.

Hatua ya 7: Lijaribu kila elezo kwa nguvu zako zote

Ukipata elezo linalovutia, andika kwanza ni nini kingepaswa kuonekana kama ni la kweli, kisha ukitafute. Je, vifo vilianza kupanda baada ya kisababishi kuingia, au vilikuwa vimeshaanza? Je, vimepanda zaidi mahali kisababishi kilipo kwa wingi? Je, wanaume na wanawake wameathirika kwa namna inayolingana na elezo? Je, ni kipindi fulani kilichowaathiri wote kwa pamoja, au ni kizazi fulani kinachobeba hatari yake kila kinapokwenda?

Usivutwe na kisababishi chenye kelele. Nchini Marekani, vifo vya dawa za kulevya za jamii ya afyuni viliteka macho ya wote, na kwa haki. Ripoti ya 2021 niliyoitaja iliviweka pamoja na vya pombe, kujiua, na magonjwa ya moyo yanayofungamana na unene na kisukari. Hata hivyo, mtafiti Neil Mehta na wenzake walionyesha mwaka 2020 kwamba kusimama kwa matarajio ya maisha nchini humo baada ya 2010 kulitokana zaidi na magonjwa ya moyo na mishipa, ambayo yalikuwa yamepungua kwa miongo kadhaa kisha yakaacha kupungua kwa kasi ile. Kupungua kulikokoma hakutoi habari ya gazeti, kwa kuwa mstari wa grafu unalala tu. Kwa hiyo, katika kila kisababishi, linganisha kilichotokea na ambacho kingetokea kama mwelekeo wa awali ungeendelea, kisha ugawanye tofauti hiyo kwa umri na kwa kisababishi.

Hatua ya 8: Andika, linda, rudisha

Katika ripoti, weka mbinu na mapungufu mbele ya matokeo. Taja asilimia ya misimbo hafifu, makadirio ya vifo visivyosajiliwa, chanzo cha idadi ya watu, na mgawanyo wa umri uliotumia kusawazisha.

Usichapishe jedwali lenye kisanduku cha mtu mmoja au wawili. "Mwanamke, miaka 35 hadi 39, kijiji hiki, kujiua" ni jina kamili kwa kila anayeishi hapo, hata kama hukuliandika. Kuhusu kujiua, usieleze njia iliyotumika zaidi ya inavyohitajika kwa kinga, na usiandike kana kwamba sababu ilikuwa moja.

Kisha rudisha matokeo kwa waliokupa data. Karani wa usajili aonyeshwe sehemu ya vyeti visivyokamilika vya ofisi yake. Madaktari waonyeshwe minyororo iliyokatika na wafundishwe kuijaza kwa mifano yao wenyewe. Familia zilizohojiwa zielezwe, katika kikao na kwa lugha yao, kilichogunduliwa kwa jamii nzima. Mwaka unaofuata, rudia hesabu ya misimbo hafifu katika vituo vilevile na kwa kanuni zilezile ulizoziandika katika hatua ya kwanza, kabla ya kutangaza kwamba kisababishi chochote kimepanda au kimeshuka.